Kuamia Shamba la Jirani

Hotuba kwa wakulima wa mtama, uwele na mpunga, maofisa ugani na wanafunzi wa kilimo na mazingira, wilayani Bahi, mkoani Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa vijiji, wazee wangu, mama zangu, nanyi wanangu mliotoka vyuoni: Mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumze juu ya nchi jirani kushirikiana katika kulinda mazingira. Najua mada hii ikitajwa watu hutegemea kusikia habari za Ziwa Victoria, mto Mara au tembo wanaovuka mpaka. Hayo yana wenyewe na wanayasema vizuri. Hapa Bahi hatuna mpaka wa nchi. Anayetaka kuuona wa karibu apande basi asubuhi na akubali kushuka jioni. Kwa hiyo nimejiuliza: mkulima wa Bahi anahusikaje? Jibu nimelipata kwa kwelea kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, ambaye nyote mnamfahamu kuliko mnavyopenda kumfahamu.

Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa na kazi ya kudumu. Mtama ukianza kutia maziwa, hadi siku ya kuvuna, jua lilinikuta juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, nikiwa na kombeo mkononi na rundo la vidongo miguuni. Kuamia, yaani kulinda nafaka isiliwe na ndege. Wanafunzi wangu, huenda neno hili mmelikuta kwenye kamusi. Wenzenu wa hapa wamelikuta begani. Kwelea kwelea hula asubuhi na mapema, jua likiwa kali hupumzika, alasiri wanarudi hadi giza liingie. Ratiba yao ndiyo ilikuwa ratiba yangu. Mwezi wa nne na wa tano dawati langu shuleni lilikuwa tupu, na mwalimu alijua nilipo.

Kuna kanuni ya kuamia ambayo hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Kundi likitokea upande wa mbuga, kijana wa dungu la kwanza hangoji litue kwake. Anapiga yowe akiwa bado analiona mbali, kama moshi unaojikunja, hata kama linaelekea kwa mwenzake. Wa pili analipokea, wa tatu analipokea, na yowe linawatangulia ndege. Ukisinzia, hupati hasara peke yako. Watashuka kwako, washibe nusu, na ukishtuka ukawarushia kidongo wanahamia kwa jirani na njaa iliyobaki. Ndiyo maana mtu aliyeacha shamba bila mlinzi aliitwa kikaoni. Mtama wake ungeliwa na hakuna ambaye angemuuliza. Aliitwa kwa sababu ya mtama wa wenzake.

Yote ninayotaka kusema leo yamo juu ya dungu lile. Nchi zetu ni mashamba yanayopakana, na sehemu kubwa ya ushirikiano wao ni kupiga yowe mapema kwa ajili ya mtama usio wako.

Tumwangalie ndege mwenyewe. Uzito wake ni takriban gramu 20, na kwa siku anakula takriban gramu 10 za nafaka. Peke yake si kitu. Lakini kundi la ndege milioni 2, na hilo si kundi la ajabu, linameza tani 20 kwa siku moja. Hayo ni magunia 200 ya kilo mia. Chakula chake halisi si mtama wetu, ni mbegu za nyasi za porini. Mvua za kwanza zikiziotesha mbegu hizo, ghala lake linakuwa limeisha kwa siku chache tu. Inambidi ahame aende kule ambako mvua zilitangulia na nyasi zimekwisha kuzaa upya, halafu arudi nyuma akifuata mvua hatua kwa hatua. Akifika penye migunga na nyasi tele, anajenga. Tangu kiota cha kwanza hadi kinda kuruka ni takriban wiki 6. Katika mwendo huo anavuka kati ya Kenya na Tanzania, kwenda na kurudi. Ndege unayemfukuza hapa si wa Bahi. Ni wa mvua.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingine hata hiyo haitimii. Tunawaambia wakulima: acheni mahindi, limeni mtama na uwele, ndiyo mazao yanayovumilia ukame. Ni ushauri sahihi na nimeutoa miaka yote ya kazi yangu. Ila mama mmoja wa Chamwino aliwahi kunieleza, kwa upole kabisa, kwamba mahindi yakikosa mvua analia mara moja tu, lakini uwele ukistawi analia kila asubuhi, maana watoto hawaendi shule na ndege wanakula vilevile. Alirudi kwenye mahindi. Sikuwa na hoja ya kumrudisha. Leo mikutano mingi inakaa kuzungumzia namna ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi katika nchi kavu kama yetu, na jibu la kwanza huwa ni mtama. Basi wajue kwamba mtama huo unalindwa au unapotea kutegemea kama nchi zinazopakana zinapeana habari za ndege.

Utotoni mwangu niliona mara moja jinsi zinavyosaidiana. Kiswahili kimewapa jina moja kiumbe na chombo, nasi watoto tulikimbia kijijini tukitangaza: ndege imekuja kuwafuata ndege! Ilipita jioni, chini kabisa, saa ambayo kundi linaingia kulala kwenye matete. Nilidhani ni ya Serikali yetu. Nilikuja kujua nikiwa kazini kwamba ndege za kazi ile zilikuwa zikitoka kwa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, ambalo ni mali ya nchi nyingi. Leo wanachama wake ni Jibuti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Uganda na sisi. Lilianzia kwa nzige, likaongezewa viwavijeshi, kwelea kwelea na mbung'o.

Mkataba wake ulisainiwa Addis Ababa mwaka 1962. Ufikirieni mwaka huo. Tanganyika ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru. Kenya ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa haijazaliwa. Ilikuja mwaka 1967, ikavunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Wazee waliomo humu wanaikumbuka miaka ile, mali zilivyogawanywa na ndugu walivyokwama upande huu na ule. Jumuiya ya sasa mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ndani yake imo Sura ya 19 inayohusu mazingira na maliasili. Nafurahi kwamba imo. Lakini katika miaka yote ile ya katikati, marais waliponuniana na reli na mashirika ya pamoja yalipovunjwavunjwa, shirika la nzige halikuvunjika. Siamini kwamba ni kwa sababu viongozi walilipenda zaidi. Nzige hakuwaachia nafasi ya kununiana.

Sasa geuzeni shingo upande wa pili, kwa sababu mpaka hapa nimewasema ninyi kama watu wa kusaidiwa tu.

Viwavijeshi mnawajua: mvua za kwanza, malisho yanageuka meusi, na ndani ya siku chache mahindi yamebaki vijiti. Mara nyingi milipuko ya mwanzo wa msimu hutokea huku, Tanzania ya kati na ya mashariki, pamoja na kusini-mashariki mwa Kenya. Kiwavi akishashiba anaingia ardhini, anatoka akiwa nondo, na usiku nondo hao hupanda juu na kubebwa na upepo. Wanataga walikonyeshewa. Kizazi baada ya kizazi wanasogea kaskazini, wanapita Kenya, wanafika Ethiopia na kuvuka hata Yemen. Kwa hiyo mkulima wa Ethiopia asiyejua Bahi iko wapi ana haja na macho yako wewe. Hapo sisi ndio dungu la kwanza.

Na inawezekana kulikalia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya Kilosa, jirani zetu wa Morogoro, vilifundishwa kutumia mtego wenye harufu ya nondo jike. Mtu wa kijiji anahesabu madume walioingia usiku, anapima mvua kwa kipimo cha kawaida, anaandika, halafu anatangaza kama wiki ijayo ni ya hatari au ni ya amani. Hawakungoja barua kutoka makao makuu. Mbinu hiyo ikaenda hadi Kenya na Ethiopia. Nawaambia vijana kila ninapopata nafasi: kopo moja la mtego na daftari la shule vimevuka mipaka kuliko maazimio mengi niliyoyasikia yakisomwa.

Upande wa magharibi yetu iko mbuga ya Wembere, kati ya Singida na Tabora. Nyinyi mnaipita mkienda Igunga mnaona majani na ng'ombe. Watu wa nzige wanaona mazalia ya nzige wekundu. Mazalia makuu ya nzige huyo Afrika nzima yanahesabika: Wembere, bonde la Malagarasi na nyanda za Rukwa kwetu, Mweru wa Ntipa na Kafue huko Zambia, Buzi na Gorongosa huko Msumbiji, na nyanda za Ziwa Chilwa kati ya Malawi na Msumbiji. Hutaga kwenye mbuga zinazofurika na kukauka. Kati ya mwaka 1930 na 1944 waliinuka kutoka sehemu chache kama hizi wakaenea karibu Afrika yote ya kusini mwa Ikweta. Miaka kumi na minne! Babu zetu walihesabu umri wa watoto kwa miaka ya nzige.

Kwa sababu hiyo lipo shirika lingine, la nzige wekundu, lenye makao yake Ndola, Zambia, na Tanzania imo pamoja na Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Kazi yake hasa ni kukagua mbuga kila mwaka na kuwapunguza nzige kabla hawajawa kundi la kuruka. Mwaka 2009 walianza kuzidi huku kwetu, Rukwa, Katavi na Malagarasi. Takriban hekta 10,000 zilinyunyiziwa, na si kwa sumu ya kawaida: ilikuwa kuvu ya asili inayomshambulia nzige na kuwaacha samaki na ndege wa maji. Mlipuko ukazimwa palepale. Nani kati yenu anaukumbuka? Hakuna mkono. Wala Lusaka na Lilongwe hawaukumbuki, kwa kuwa nzige hawakufika. Kazi hii ikifanikiwa haina picha ya gazetini, na kisichokuwa na picha ni kigumu kukiombea bajeti.

Ikishindikana, picha zipo. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua katika jangwa la Rub al-Khali, Bara Arabu. Mchanga ukaota majani. Nzige wa jangwani wakazaliana humo vizazi vitatu kwa miezi tisa, na hapakuwa na mtu wa kuwaona. Wakahamia Yemen, ambako vita viliwazuia wakaguzi. Wakavuka hadi Pembe ya Afrika mwaka 2019, wakaingia Kenya mwisho wa mwaka huo. Wenzetu hawakuwa wameona kitu kama kile kwa miaka 70. Kilomita moja ya mraba ya kundi lile huweza kubeba nzige milioni 40 hadi 80, na milioni 40 tu hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Mwanzoni mwa 2021 wakawa Kilimanjaro na Simanjiro. Simanjiro ni Manyara, ndugu zangu, na Manyara inapakana na Kondoa. Dungu moja lilikuwa tupu kwenye jangwa ambalo hakuna kati yetu atakayelikanyaga, na yowe lilitufikia likiwa na nzige wenyewe.

Huwa naulizwa: mbona tuchangie fedha kwa ajili ya Ndola wakati zahanati yetu haina paa? Swali la haki. Mashirika haya mawili yamesumbuka miaka mingi kwa sababu nchi wanachama huchelewesha michango, na kila waziri wa fedha anayo zahanati yake isiyo na paa. Sina jibu la kitabuni. Nina Kongwa. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu, ilipokea wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na MPLA ya Angola. Mkoa wenye njaa za mara kwa mara uligawana maji na nafaka na vijana waliotoka mbali. Hakuna mzee wa Kongwa aliyeuliza kama Windhoek ni jirani.

Lazima niseme pia juu ya sumu, kwa kuwa sisi wa afya ya mimea tumekuwa wagumu kulisema. Dawa inayonyunyiziwa kwelea kwelea, fenthioni, haichagui. Bundi na mwewe wanaokula ndege waliokufa hufa pia, na hao ndio walinzi wa bure tuliopewa. Matete wanamolala ndege mara nyingi yako majini. Hapa kwetu maji hayo ni ya mto Bubu na bwawa lote la Bahi, ambamo tunavua, tunanyweshea, na lisilo na njia ya kutokea kwenda baharini. Kinachoingia kinabaki. Tena nimeona kwa macho yangu watu wakiokota ndege waliopuliziwa ili wakawapike. Nawaombeni, kwa uchungu wote, msiwaguse.

Kondoa wana njia nyingine. Wenyeji wa kule tangu zamani husuka mitego ya majani mfano wa vikapu, wakanasa kwelea kwelea kwa wingi, wakala na kuuza. Watafiti wameifuatilia kazi yao na kuilinganisha na nyavu. Huko Chad watega ndege hunasa mamilioni kwa mwaka. Sitawadanganya kwamba vikapu vitamaliza kitalu cha viota cha hekta 50. Hapo ndege ya dawa bado inahitajika. Lakini karibu na maji, karibu na nyumba, kwenye makundi ya wastani, kila kilo ya ndege iliyonaswa ni sumu ambayo haikumwagwa na ni kitoweo cha mtu. Ujuzi wa Kondoa ungefaa kufika Kitui ya Kenya na Karamoja ya Uganda, na wa Chad ungefaa kufika hapa. Kwangu huo ni ushirikiano wa kikanda kamili, ingawa hauna bendera mezani.

Niwaeleze na kosa lililonitokea. Mwaka mmoja, nikiwa ofisa kijana, mchungaji aliniongoza hadi kwenye pori la migunga. Kila mti ulikuwa umejaa viota, na chini ardhi ilikuwa nyeupe kwa maganda ya mayai. Nilikadiria makinda yana siku tano au sita. Niliandika taarifa usiku uleule kwa taa ya chemli, asubuhi nikaipeleka mwenyewe. Ikakaa katika ofisi moja siku kumi na moja ikingoja sahihi ya mtu aliyekuwa safarini. Iliporuhusiwa kuendelea, nilirudi porini nikakuta viota vinapepea. Mpaka leo sijui walienda wapi. Labda walikula uwele wa Mkamba ambaye mtoto wake alikuwa juu ya dungu kama nilivyokuwa mimi, na hakusikia yowe kwa sababu mimi niliandika barua na kungoja. Sikumpigia mtu simu. Sikumtuma mtu Kondoa. Nilifuata utaratibu, na utaratibu ulinipa usingizi.

Siku hizi mchungaji ana simu mfukoni. Picha ya viota kutoka pori lolote la Bahi inaweza kufika kwa ofisa wa wilaya, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na mwenzetu aliye Kenya kabla chai haijapoa. Wachungaji ndio wanaoona kwanza, nao ndio hatuwaiti kwenye semina. Leo nimewaalika saba, wamekaa pale nyuma. Nimekuja na madaftari 14, mawili kwa kila mmoja, na kila daftari lina namba tatu za simu kwenye jalada la ndani. Ukiona viota, andika tarehe, mahali, na kama kuna mayai au makinda. Kisha piga. Usimngoje mtendaji arudi kutoka mjini.

Mtama wa mwaka huu bado haujatia maziwa. Kwa jicho langu tuna kama wiki nne. Kesho gari linakwenda Kondoa kuona mitego inavyosukwa, linaondoka saa 12 kamili asubuhi mbele ya ghala la ushirika. Nafasi ni 25. Wachungaji wangu saba wameshapata zao, na kumi nawawekea akina mama, kwa kuwa wao na watoto wao ndio wanaoamia. Mwenye darubini aje nayo. Ahsanteni.